Umemwombea Mama. Umempikia?



Mnisamehe kwa kimya cha majuma kadhaa. Nilikuwa likizo nyumbani Morogoro, na kwa wiki moja nzima sikuandika chochote wala kusoma kitabu chochote cha maana. Nilikuwa jikoni na barabarani. Nataka niwasimulie wiki hiyo, maana nimeielewa sura ya 21 ya Injili ya Yohana nikiwa nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa kuliko nilivyowahi kuielewa darasani. Haya yote nimemsomea Mama kwa simu kabla hamjayasoma ninyi. Sehemu moja aliniambia niitoe. Baada ya siku mbili akapiga tena, akasema, "Irudishe."

Nianze nyuma kidogo. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Presha, halafu kiharusi. Mwaka huu, mwezi wa tatu, mdogo wangu akanitumia ujumbe kwamba Mama naye amepimwa, ana sukari. Nilikuwa seminarini. Nikafanya kile ninachokijua: novena, rozari, nia kwenye Misa, kisha novena nyingine. Siku moja nikamweleza baba yangu wa kiroho, na kiukweli nilikuwa na fahari kidogo, kwamba nimemaliza novena ya tatu kwa ajili ya Mama. Alikaa kimya. Halafu akaniuliza, "Frateri, umemwombea mama. Umempikia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa ni vizuri mjue Mama yangu ni mama lishe. Zaidi ya miaka kumi na mitano anapikia mafundi, wabeba mizigo na vijana wa bodaboda. Wali, maharage, ugali, samaki wa kukaanga. Anaamka saa kumi alfajiri. Yeye mwenyewe anakula nini? Chai yenye vijiko vinne vya sukari na chapati mbili, akiwa amesimama. Saa kumi jioni, wateja wakiisha, anakwangua ukoko na kumalizia kilichobaki. Ada yangu yote ya seminari ndogo ilitoka kwenye masufuria yale. Yaani mwili huu ninaoutembeza nikiwa nimevaa kanzu umejengwa na mikono yake, na mimi nilikuwa sijawahi kumkaangia hata yai.

Na hapo ujue nina shahada ya falsafa. Kwenye mtihani wa falsafa ya mtu niliandika kurasa sita. Nilieleza jinsi Plato alivyoiona roho kama mfungwa ndani ya mwili, jinsi Descartes alivyotenganisha akili na mwili hadi ikawa shida kuviunganisha tena, na jinsi Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, alivyokataa: roho na mwili ni mtu mmoja, si dereva na gari lake. Thomas alithubutu hata kusema kwamba roho yangu peke yake si mimi. Nilipata alama nzuri sana. Lakini kwa maisha niliyokuwa naishi, nilikuwa mwanafunzi wa Plato. Mama aliponiambia anaumwa, nilihangaikia roho yake, na mwili wake nikauachia zahanati.

Basi nikafika nyumbani Jumamosi. Jumapili baada ya Misa nikamtangazia Mama kwamba kwa wiki moja chakula cha nyumbani nitapika mimi, na kila asubuhi tutatembea wote. Genge lake angelifungua kwa kuchelewa, binamu yangu angeanzisha maharage. Mama akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Frateri mzima, jikoni? Majirani watasema nimekuloga." Lakini alikubali. Nadhani alikubali ili anicheke.

Mshauri wetu alikuwa muuguzi wa kliniki yake, mama mmoja mkali mwenye huruma. Nilimfuata Jumatatu asubuhi nikiwa na daftari. Akanichorea sahani: nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali, robo iliyobaki maharage, samaki, dagaa au nyama. Akasema dona ni afadhali kuliko sembe, lakini dona lililojaa sahani nzima ni ugali uleule tu. Kutembea, nusu saa kwa siku, siku tano, maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kipimo cha mwendo: uweze kuongea, usiweze kuimba. Abebe pipi mfukoni, sukari ikishuka ghafla. Avae viatu vya kufunika mguu, kwa sababu mwenye sukari kidonda cha mguuni si jambo la mchezo. Na dawa ziko palepale, mtu asimdanganye. Nayasisitiza haya kwa sababu najua baadhi yenu mna wazazi wenye sukari, na najua pia kuna watu huko mitandaoni wanaowaambia watupe vidonge wanywe majani fulani. Msifanye hivyo.

Viatu ndivyo vilivyotuchelewesha. Mama hakuwa na raba. Alikuwa na kandambili za kazini na viatu vya Misa. Tukaenda soko la Chifu Kingalu, tukapata raba za mtumba, za bluu, zimefifia kidogo. Alizivaa akazunguka sebuleni kama mtoto siku ya Krismasi. Miaka yote hiyo amesimama kwa miguu ile, na hakuna aliyewahi kumnunulia kiatu cha kupumzisha miguu. Nilijisikia vibaya, sitaficha.

Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tukaanza. Tunakaa upande wa Bigwa, kwa hiyo ukitoka nje tu, milima ya Uluguru iko mbele yako, na asubuhi mara nyingi imevaa wingu kichwani. Barabara ya vumbi, migomba, wanawake wanaoshuka na mabeseni ya mboga kupeleka mjini. Tukasali rozari tukitembea. Tendo la kwanza lilitufikisha kwenye duka la kona, la pili kwenye mwembe, na hapo Mama akaanza kupumua kwa shida. Tukasimama. Nikataka kuendelea na Salamu Maria, akanyoosha mkono kuniambia ningoje kwanza. Tukarudi polepole. Dakika kumi na nane tu.

Mapishi yangu ya siku ile niyapitie haraka, kwa heshima ya maharage. Sikuyaloweka usiku. Saa tatu kasoro ya usiku bado yalikuwa yanagonga sufuria kama kokoto. Tukala mchicha na dagaa. Mdogo wangu aliomba ruhusa ya kwenda kula kwa jirani.

Jumatano ndipo nilipoharibu.

Kutembea kulienda vizuri. Mchana nikapita gengeni kumwona, nikamkuta nyuma ya pazia ana kikombe cha chai. Nikakichukua, nikaonja. Sukari tele. Nikamhubiria. Nilimhubiria vizuri, mnajua tunafundishwa namna ya kuhubiri. Nikamwambia mwili ni hekalu, kama Mtakatifu Paulo alivyowaandikia Wakorinto. Nikamwambia anawafanya watoto wake yatima kwa kikombe cha chai. Wateja wawili walikuwa wanasikia. Mama akamimina ile chai chini, akachukua mwiko, akarudi kwenye sufuria. Alisema neno moja tu: "Sawa, Frateri." Alilisema lile "Frateri" kama unavyomwita mtu usiyemjua.

Usiku nilipika maharage yaliyoiva kweli, na bamia, na ugali wa dona. Alikula robo sahani, akashukuru, akaenda kulala saa mbili.

Sikupata usingizi. Nikawa najitetea: si nimesema ukweli? Mwili si hekalu kweli? Lakini nikakumbuka kwamba Paulo aliandika maneno yale kwa watu waliokuwa wanautumia mwili kwa anasa. Hakumwandikia mwanamke aliyesimama miaka kumi na mitano kulisha watu. Nilikuwa nimelichukua neno la Mungu nikampiga nalo. Na chini ya mahubiri yale hapakuwa na upendo mwingi kama nilivyodhani. Palikuwa na woga. Nilimzika baba nikiwa na miaka ishirini na mbili na sikutaka kurudi makaburini. Woga ukivaa kanzu unafanana sana na bidii ya dini.

Alhamisi nilidhani hatatoka. Saa kumi na mbili kasorobo nikasikia mlango. Alikuwa amevaa raba zake za bluu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Nikamwomba msamaha palepale mlangoni. Akasema, "Twende."

Hatukusali rozari. Tulitembea kimya kupita duka, kupita mwembe, tukafika mpaka kwenye daraja dogo ambalo hatukuwa tumewahi kulifikia. Pale kuna jiwe, tukakaa. Maji yalikuwa machache. Baada ya muda, bila kuniangalia, Mama akasema:

"Chumvi niliweka mimi."

Sikuelewa. Akanieleza. Baba alipotoka hospitali mara ya kwanza, waliambiwa chumvi ipungue sana, kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai katika vyakula vyote. Mama alitii. Lakini baba akawa anasukuma sahani. Alikuwa anakonda, anakaa kwenye kiti chake anatazama ukuta. Mtu aliyeoa mpishi, hali. Mama akavumilia wiki tatu. Halafu siku moja akamwekea chumvi kama zamani. Baba akala, akaomba aongezewe, akatabasamu, akasema leo umepika. Kuanzia siku hiyo Mama akawa anaweka, na kliniki akiulizwa anasema wameacha. Miezi minne baadaye baba akaanguka bafuni.

"Ulipomimina maneno yale jana," akasema, "baba yako naye walimhubiria hivyohivyo. Mimi nilimpikia. Sasa sijui nani alimpenda."

Miaka miwili alikuwa ameibeba. Hakuwahi kuisema, hata kwenye kitubio, kwa sababu hakujua aitaje. Si wizi, si uongo tu, si uuaji. Dhambi gani ile?

Vijana, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu. Ningeweza kumweleza habari za kujua na kukusudia, habari za nia na matokeo, na kwamba hakuna daktari anayeweza kusema ni chumvi ile iliyomuua mtu ambaye presha yake ilikuwa imepanda kwa miaka. Yote ni kweli, na baadhi nilikuja kumwambia baadaye. Lakini siku moja tu iliyopita nilikuwa nimeshahubiri. Nikamshika mkono. Ulikuwa na makovu ya mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko, nami sikuwahi kuyahesabu. Nikamwambia na yangu: kwamba baba alipokuwa anaumwa nilikuja likizo mara mbili, nikala alichopika yeye, nikaondoka, na sikumpikia baba hata uji. Tukalia kidogo, watu wakipita na mabeseni yao wakitusalimia.

Halafu nikasema, "Twende nikakupikie chai." Sikuwa na la busara zaidi.

Nyumbani nikawasha jiko la mkaa uani. Ninapepea kwa mfuniko wa ndoo, moshi unanijaa machoni, na ndipo Yohana 21 ikanijia.

Mnaikumbuka. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawajapata kitu. Asubuhi Yesu mfufuka amesimama ufukweni. Wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyeshinda mauti anageuza samaki. Anawaita waje wafungue kinywa. Na tazama mpangilio: wakiisha kula, ndipo anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hakuanza na swali. Alianza na chakula, kwa sababu walikuwa na njaa na baridi.

Lakini kuna jambo nililolisoma darasani nikaliandika pembeni ya daftari kama habari ya kuvutia tu. Lile neno la Kigiriki linalotafsiriwa moto wa makaa limetumika mara mbili pekee katika Agano Jipya lote, na zote ni katika Yohana. Moja ni hapo ziwani, sura ya 21 aya ya 9. Nyingine ni sura ya 18 aya ya 18, kwenye ua wa kuhani mkuu, pale Petro alipokuwa anaota moto na kumkana Bwana. Kwa hiyo Petro anapofika ufukweni na kusikia harufu ile, anajua amerudi wapi. Mnajua harufu ya mkaa ilivyo, inashika nguo, inashika nywele. Yesu hakumpeleka Petro mbali na harufu ya aibu yake. Aliwasha moto uleule, akampikia juu yake.

Nikampelekea Mama chai ya rangi yenye tangawizi, haina sukari. Nikamsomea sura ile yote tukiwa tumekaa kwenye vigoda. Nikamwonyesha makaa mawili. Aliangalia jiko letu kwa muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo Yesu naye alipikia watu wakati wa asubuhi." Nikasema ndiyo. "Basi anajua kuamka mapema."

Ijumaa na Jumamosi sina mengi. Tulifika darajani siku zote mbili. Nilijifunza kukaanga kitunguu bila kukiunguza, na kwamba limao na pilipili hoho vinaficha upungufu wa chumvi kwa kiasi fulani, si kikubwa. Jumamosi mchana nilipanda peke yangu kuelekea Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani kule juu Uluguru, jasho likanitoka mpaka nikaona aibu. Nilimkumbuka Pier Giorgio Frassati, yule kijana wa Turin aliyependa milima na maskini kwa pamoja, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025 siku moja na Carlo Acutis. Picha zake za mlimani tunazipenda, tunaziweka kwenye simu. Ila alifariki mwaka 1925 kwa polio akiwa na miaka 24, na siku zake za mwisho watu wa nyumbani hawakutambua alivyozidiwa kwa sababu bibi yake naye alikuwa anakufa nyumba ileile. Mwili ule wenye nguvu uliisha kwa siku chache. Nawaambia ninyi mnaokwenda jimu na mnaoposti kila mazoezi: fanyeni, ni jambo jema, lakini angalieni kama kuna mtu nyumbani anayeumwa na hajulikani.

Nilipokuwa mlimani, Mama alikwenda parokiani kumwona padre. Aliyoyasema huko siyajui, wala si kazi yangu kuyajua. Nilimkuta jioni anaimba anapoosha vyombo, na nikamkumbusha kipimo cha muuguzi kuhusu kuimba, akanirushia maji.

Mnataka kujua sukari? Jumatatu asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11. Jumamosi ilikuwa 9. Jumapili tulialikwa kwenye jumuiya, kukawa na pilau, na Jumatatu ikasoma 10 na kidogo. Wiki moja haimponyi mtu. Muuguzi alisema safari ni ndefu na tuendelee.

Chakula cha mwisho cha wiki ile tulipika wote wawili. Nilisonga ugali, yeye alitengeneza kisamvu. Ilipofika wakati wake akachukua kopo la chumvi, akalishika kidogo, halafu akanipa. "Weka wewe." Nikaweka kwa ncha ya kijiko. Akaonja kwenye kiganja, akakunja uso. "Haina ladha," akasema. Kisha akapakua.

Nimesharudi seminarini. Juzi usiku wa saa nne nilikuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Anahema, na nyuma yake nasikia jogoo, kwa hiyo aliurekodi asubuhi akiwa barabarani. Anasema leo amepita daraja, amefika mpaka kwenye shule. Halafu anauliza, "Na wewe, umekula nini?"